Mabel Shaw wa Mbereshi, mama wa masomo ya wabinti ng'ambo ya Luapula



Kila mara gazeti letu linapotoka, tunaleta historia ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ambaye kazi yake inaweza kutufundisha kitu. Mara hii tumechukua mtu ambaye wengi wetu tulisoma jina lake mbele ya kujua ni nani.

Sisi tuliokaa ku kampi ya Kala, mu wilaya ya Kawambwa, Zambia, tunaikumbuka ile barabara inayotoka Kawambwa na kushuka mpaka bonde la Luapula. Inapomaliza kushuka, unakuta Mbereshi: kanisa la zamani, hospitali ya misheni, na masomo ya wabinti yanayoitwa Mabel Shaw. Tulikuwa tunapita pale juu ya lori pamoja na mizigo yetu, bila nafasi ya kuuliza. Wengine walifikiri Mabel Shaw ni jina la kampuni. Wengine walisema labda alikuwa bibi ya mkubwa fulani wa serikali. Kumbe alikuwa mwalimu.

Tunamleta juu ya sababu moja. Mkutano mkubwa wa shirika unakaribia, na kuna ulizo moja limegawanya kamati: feza yetu ya masomo ya wabinti isaidie pia binti aliyekwisha kuzaa, ao isaidie tu yule ambaye hajazaa? Tutalirudilia hilo ulizo mwishoni. Kwanza tusikie historia.

Luapula ya wakati ule

Mabel Shaw alizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1880. Alipoamua kufanya kazi ya misheni, alienda kusomea Edinburgh, mu Scotland, pahali walipotayarisha wanawake wa kutumwa ng'ambo. Hakuolewa ata siku moja. Waliomtuma ni shirika la Wamisionari wa London, lile ambalo David Livingstone alianza nalo kazi yake mu Afrika. Shirika hilo lilikuwa limefungua kituo cha Mbereshi mu mwaka wa 1900, karibu na Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe wa Walunda.

Alifika mu 1915. Vita kubwa ya kwanza ilikuwa inawaka. Rhodesia ya Kaskazini, ile tunayoiita leo Zambia, ilikuwa bado mu mikono ya kampuni, British South Africa Company. Vijana walikuwa wanachukuliwa kubeba mizigo ya waaskari wanaokwenda kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Watu waliwaita tenga-tenga. Wengi walienda hawakurudi.

Vijana wengine walivuka mto wakaja kwetu Katanga. Union Minière ilikuwa imeanza kuyeyusha shaba ku Lubumbashi mu 1911, na watu wa Robert Williams walikuwa wanazunguka vijiji vya Luapula kuandika vijana kwa kazi ya migodi. Babu za wengi kati yetu walipita njia ile. Mu vijiji walibaki wamama, wazee na watoto.

Tunasema mambo haya juu vijana wetu wanafikiri Luapula ilikuwa mpaka tangu mwanzo. Hapana. Wazungu njo waliugawanya, upande huu Wabeleji, upande ule Waingereza. Watu walikuwa wanaoana, wanauziana samaki, wanalia kilio pamoja toka upande mmoja mpaka mwingine, na Kibemba kilisikika pande zote mbili. Basi habari ya Mbereshi ni habari ya bibi zetu na shangazi zetu, si habari ya wageni.

Tuangalie sasa maisha ya binti wa wakati ule. Aliamka na mama, akachota maji, akalima, akatwanga muhogo, akabeba mdogo wake mgongoni. Mara nyingi aliposwa mapema, wakati mwingine angali mtoto kabisa, na mchumba wake alikuja kutumika mu shamba ya wakwe. Wazazi hawakuwa wabaya. Walimpenda binti yao, na tena yeye njo alikuwa nguzo ya nyumba: juu yake mkwe alikuja, na juu ya mkwe shamba ilipanuka. Ukienda kumwambia mzazi wa namna hii akupe binti, umpeleke kukaa mbali miaka na miaka na kujifunza alama za kitabu, ilikuwa kama kumwomba ang'oe nguzo ya nyumba yake mvua ikinyesha.

Ndiyo maana masomo ya vijiji yalijaa wavulana. Kaka alijifunza kusoma na kuandika, akapata kazi ya karani ao ya ualimu, akavaa kiatu. Dada alibaki nyuma. Kisha kaka alipotafuta bibi, hakupata wa kuongea naye habari ya kitabu. Wamisionari wenyewe waliliona hilo na likawasumbua.

Masomo yaliyofanana na kijiji

Shaw alianza na wabinti wachache. Masomo yalipewa jina la ukumbusho wa Livingstone, aliyekufa mu 1873 ku kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu. Yalikuwa kati ya masomo ya kwanza kabisa ya bweni kwa wabinti mu inchi ile yote.

Angeweza kufanya kama wengine walivyofanya: kujenga nyumba moja ndefu, kupanga vitanda kwa mistari, kupiga kengele, na kuwakataza wabinti mambo yote ya kwao. Hakufanya hivyo. Alijifunza Kibemba. Aliketi na wamama wazee, akauliza kijiji kinaishi namna gani, nani anamtii nani, mtoto anapewa jina namna gani, watu wanalia kilio namna gani. Kisha akajaribu kufanya masomo yake yafanane na kijiji. Wabinti waligawanywa mu nyumba kama jamaa. Wakubwa walikuwa na sauti mu mambo ya wadogo, na wale wakubwa kabisa walisaidia kuamua makosa na kazi. Katika mafundisho yake ya dini, Yesu alikuwa ni Chifu, na masomo ni kijiji cha yule Chifu. Kitabu chake cha 1921 kina jina la Children of the Chief, ni kusema watoto wa Chifu.

Kitu ambacho tungependa kila mwanachama akishike ni hiki. Pale Mbereshi binti mkubwa alipewa mtoto mdogo wa kulea. Alikuwa mama yake. Alimwogesha, alimlisha, alimfundisha kulala kwa wakati, alimbembeleza usiku alipolia juu ya kukumbuka kwao. Shaw hakuwa na walimu wengi wala feza nyingi. Lakini alikuwa na wabinti, na aliona kwamba binti mwenyewe ni nguvu ya kazi, akiaminiwa. Mdogo hakubaki yatima, na mkubwa alijifunza kulea kwa mikono yake, mbele ya kupata mtoto wake mwenyewe.

Asubuhi walisoma na kuandika kwa Kibemba, walihesabu, walijifunza Maandiko. Kisha kulikuwa jembe, kulikuwa kinu, kulikuwa sindano. Shaw hakutaka binti arudi kwao hajui tena kulima wala kupika bukari, juu alijua kwamba kijiji kitamcheka, na kisha hakitaleta binti mwingine. Wazazi walikuwa wanaangalia. Binti wa kwanza akirudi na adabu na mikono yenye nguvu, wa pili atafuata. Polepole walifuata.

Afya ya mama na mtoto

Mbereshi kulikuwa pia munganga wa misheni na hospitali. Masomo na hospitali vilitembea pamoja, na hapa wamama wetu watatuelewa upesi.

Wakati ule mama akifa ku uzazi, mtoto wake mchanga mara nyingi alimfuata. Maziwa hayakuwa. Uji wa muhogo mwepesi haukumtosha. Wengine waliogopa kumgusa mtoto wa namna hii, juu ya mambo tunayoyajua wote na ambayo bado yanasemwa kwa sauti ya chini mpaka leo. Misheni ilipokea watoto wa namna hiyo, na wabinti wa Shaw walishiriki kuwalea. Binti wa masomo aliona kwa macho yake kwamba mtoto aliyedhaniwa amekwisha kufa anaweza kunenepa, kutambaa na kucheka. Somo hilo lilikuwa na nguvu kuliko mahubiri. Siku aliyorudi kijijini, alirudi na maarifa: maji yachemshwe, kidonda kioshwe, mtoto apewe chakula kidogo mara nyingi, mama mwenye mimba apumzike na ale vizuri.

Hakuna kitu cha ajabu mu maarifa hayo. Lakini mu kijiji ambacho wanaume wengi walikuwa wamekwenda migodini, mama mwenye kujua vitu vitano ao sita vya namna hii alikuwa munganga wa kwanza wa watu wote walio karibu naye.

Cisungu na ndoa

Sasa tunafika ku jambo ambalo lilimletea Shaw maneno toka pande mbili.

Wamama wa Kasomeno hawahitaji kuelezwa cisungu ni nini. Binti akikua, anafichwa, anafundishwa na nacimbusa, anatolewa kwa ngoma. Wamisionari wengi waliona pale ni upagani tu, wakakataza kabisa. Shaw aliangalia akaona kwamba ndani yake kuna masomo: masomo ya heshima, ya nyumba, ya uzazi, na furaha ya wamama kumpokea binti kati yao. Alitoa yale ambayo kwa imani yake hayakufaa, na akaweka sherehe ya namna yake palepale Mbereshi, ili binti asipite kutoka utoto kwenda utu uzima bila mtu kumshika mkono. Kati ya Wazungu wenzake wako waliosema amekwenda mbali sana kufuata desturi za Waafrika. Kijijini nako wako waliosema ametuibia cisungu yetu na kuikata nusu.

Ndoa ilikuwa hivyohivyo. Nia yake ilikuwa kwamba binti atoke masomo kwenda mu ndoa ya Kikristo, na kijana mwenye kusoma. Masomo yalisimama kama mzazi. Kijana aliyetaka kuoa alipaswa kupita pale, kuangaliwa, kungojea. Shaw mwenyewe alikuwa na sauti kubwa juu ya nani anaoa nani na lini. Alifanya hivyo kwa kulinda. Aliwaogopesha sana na miji ya migodi, na aliona kwamba binti asiye na ulinzi atapotea kule. Lakini mlinzi naye anaweza kufunga mlango kwa nguvu kupita kiasi. Binti aliyetoka mkononi mwa wajomba aliingia mkononi mwa misheni, na mara nyingi yeye mwenyewe aliulizwa mwisho.

Jina linavuka bahari

Shaw aliandika. Aliandika barua nyingi, na vitabu: Dawn in Africa mu 1927, God's Candlelights mu 1932, A Treasure of Darkness mu 1936. Kwa vitabu hivyo Mbereshi ilijulikana Uingereza na pahali pengine kati ya watu waliofuata habari za masomo mu Afrika. Wengi wao hawakuwa wamewaza kwamba binti wa Afrika anaweza kuwa habari ya kitabu. Kwa barua na vitabu pia, watu waliokuwa mbali walitoa msaada. Marafiki wanaotusaidia watatambua hapa kitu: shirika linaloandika habari zake kwa ukweli linapata wa kulishika mkono. Nasi tunajaribu.

Wabinti waliotoka Mbereshi walikwenda pande zote. Wako waliokuwa walimu. Wako waliotunza wagonjwa. Wengi walikuwa wake za walimu na wachungaji, na mu nyumba zao watoto walikua wakiona mama akisoma. Kati ya waliosoma pale kuna Mama Betty Kaunda, aliyekuwa mwalimu, akaolewa na Kenneth Kaunda mu 1946. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, yeye njo alikuwa bibi ya rais wa kwanza. Alikufa mu 2012, na wale kati yetu waliokaa Zambia wanajua heshima aliyokuwa nayo.

Shaw aliacha Mbereshi mu 1940, kisha miaka 25 ya kazi. Alirudi Uingereza, akaishi miaka mingi tena, na alikufa mu 1973. Masomo yalibaki. Kanisa la wamisionari wake liliingia mu muungano uliozaa United Church of Zambia mu 1965. Leo ile nyumba ya wabinti ni sekondari, na jina lake ku kibao ndilo tulilosoma toka juu ya lori.

Na upande wetu?

Tusidanganye kwamba upande huu wa mto hakukuwa kitu. Luanza, ku ziwa Mweru, kulikuwa Dan Crawford, yule aliyeitwa Konga Vantu, mkusanya watu, pamoja na bibi yake Grace. Walifundisha mpaka Crawford alipokufa mu 1926. Masista Wakatoliki nao walifundisha wabinti mu Élisabethville na ku misheni mbalimbali: kushona, kupika, katekisimo, kusoma kidogo. Lakini kwa wabinti wengi njia ilikatika mapema. Mpaka 1961, mwaka mmoja kisha uhuru, njo binti wa kwanza wa Kongo alimaliza sekondari. Aliitwa Sophie Kanza. Mu 1964 alipata diplomu ya chuo kikuu cha Lovanium, na mu 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mu inchi yetu. Fikirini: inchi kubwa namna hii, na binti wa kwanza ni 1961. Kuna watu wazima wanaosoma gazeti hili waliokuwa wamekwisha kuzaliwa.

Tunapochukua na tunapoacha

Kamati ilisoma historia hii pamoja, jioni mbili, chini ya mwembe. Hatukukubaliana ku kila kitu. Lakini tulikubaliana kwamba Mabel Shaw alifanya jambo moja vizuri sana, na jambo moja vibaya.

Alifanya vizuri kuanza na mikono iliyokuwapo. Hakungojea jengo kubwa. Alimweka mkubwa alee mdogo. Alikaa na wamama wa kijiji, akachukua yale waliyokuwa wanayajua. Hayo tunayaweza sisi pia, ata kwa likelemba yetu ndogo.

Alifanya vibaya pale alipofikiri kwamba yeye anajua maisha ya kila binti yanapaswa kwisha namna gani. Njia aliyoitengeneza ilikuwa nzuri kwa binti aliyeweza kuifuata hatua kwa hatua. Kwa binti ambaye maisha yake yalipinda, njia ilikuwa nyembamba.

Na hapa tunapaswa kuongea juu yetu wenyewe, juu si vizuri kuhesabu makosa ya marehemu na kuficha ya wazima.

Mwaka uliopita tulipokea barua ya mama mmoja, mwanachama wetu. Binti yake alirudi toka Zambia akiwa mtoto wa kubebwa. Alisoma vizuri, akafika sekondari. Kisha akapata mimba, akazaa kwao. Mtoto alipoanza kutembea, binti alitaka kurudi masomo. Mama aliomba shirika limsaidie minervali, kama tulivyosaidia wabinti wengine. Kamati ilikataa. Tulisema feza ni kidogo, na kwamba tukimsaidia yeye tutafundisha wengine kuzaa. Tuliandika jibu la mistari mitatu.

Leo yule binti anauza makala pale magari yanaposimama, ku njia panda ya Kasenga na Kilwa. Sisi wote tunanunua kwake. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumwangalia machoni vizuri. Na kuna jambo lingine, tunaliandika kwa haya: kijana aliyempa mimba alikuwa ku liste yetu ya msaada wa masomo, na jina lake lilibaki ku liste. Hakuna aliyeuliza. Tuligundua wakati tulipokuwa tunatayarisha karatasi za mwaka huu.

Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure mu Kongo, na tunashukuru. Lakini sekondari inalipwa, na ni ku sekondari njo wabinti wetu wanaanguka. Anaanguka juu ya mimba, juu ya kuolewa mapema, juu ya shamba, juu ya kulea wadogo mama akiwa mgonjwa. Mvulana wa nyumba ileile anabaki. Miaka zaidi ya mia imepita tangu Shaw afike Mbereshi, na ile picha ya kaka mwenye kiatu na dada anayebaki nyuma bado iko mu nyumba zetu.

Tunachopeleka mbele ya mkutano

Kamati inaleta mambo manne. Kila mwanachama ayafikiri nyumbani kwake, na aje na jibu lake.

La kwanza, kanuni yetu ibadilishwe. Binti aliyezaa awe na haki ileile ya kusaidiwa na binti mwingine. Na kijana aliyempa mimba aitwe mbele ya kamati pamoja na wazazi wake, asikie wajibu wake juu ya mtoto.

La pili, kila mama wa shirika anayeweza achukue binti mmoja wa jamaa nyingine, awe mkubwa wake. Si kumlipia. Ni kumtembelea, kumuuliza habari ya masomo, kujua akiwa mgonjwa, kujua akisumbuliwa na mwanaume ao na mwalimu. Na binti wa sekondari naye achukue mdogo mmoja wa msingi. Wanaojua kusoma vizuri wasikae na maarifa yao peke yao.

La tatu, wamama wazee waliokubali kukaa na watoto wachanga saa za masomo wapewe kitu kidogo toka ku kasha: sabuni, chumvi, unga. Bila hilo, kanuni ya kwanza itabaki karatasi, juu binti hawezi kuingia darasani na mtoto mgongoni. Tunaomba pia wamama hao wapate mafundisho mafupi toka kwa waganga wa kituo cha afya, juu ya homa, kuhara na chakula cha mtoto.

La nne, wabinti wenyewe waje ku mkutano na waseme. Mpaka leo tumeamua juu yao wakiwa jikoni wanatupikia sombe ya mkutano. Mara hii wamama wengine watapika, ao tutakula baadaye. Binti anayesaidiwa ao anayeomba kusaidiwa atapewa kiti na nafasi ya kusema anataka maisha yake yaende wapi: ualimu, uuguzi, biashara, shamba, ndoa, ao yote kwa pamoja. Shaw hakufika pale. Sisi tunaweza kufika.

Wako wanachama watakaopinga, na ni haki yao. Wako wanaosema kwamba tutaharibu adabu. Tunawaomba wafikiri kitu kimoja: yule binti wa makala, adabu yake imeongezeka sababu tulimkatalia? Na yule kijana, adabu yake imeongezeka sababu tulimnyamazia?

Kwa marafiki wanaotusaidia toka Lubumbashi na toka mbali: hatuombi jengo. Tunaomba minervali ya wabinti wa sekondari, vitabu, na vile vitu vidogo vya mwezi ambavyo binti akivikosa anabaki nyumbani siku nne ao tano kila mwezi. Hesabu yote itasomwa mbele ya mkutano kama kawaida, na mutatumiwa nakala.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mabel Shaw alikuwa kidole kimoja. Kazi yake ilisimama juu wabinti wakubwa walikubali kuwa mama wa wadogo, na juu wazazi wa Luapula, wakiwa na wasiwasi wote ule, walikubali mwishowe kumwachilia binti.

Yule mama aliyetuandikia mwaka uliopita, tumekwisha kwenda kwake. Kamati nzima ilikwenda, kwa miguu, siku ya posho, bila barua. Tuliomba radhi kwake na kwa binti yake. Binti hakujibu kitu. Aliingia ndani, akatoka na daftari zake za zamani zilizofungwa mu kitambaa, akaziweka juu ya meza mbele yetu.

Mkutano ukikubali, ataingia darasani mwanzo wa mwaka wa masomo. Muje wote.

Kamati ya shirika, Kasomeno